Leo Mwezi Ngapi? Mafunzo Niliyopata kwa Kuufuata Mwezi

Jumamosi ya tarehe 16 Agosti 2025, saa nne asubuhi, nilisimama ufukweni Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, nikiwa na wanafunzi thelathini na wawili niliowavusha kutoka Dar es Salaam. Kwa wiki tatu nilikuwa nimewaahidi kwamba watatembea kwa miguu juu ya sakafu ya bahari, wayaone mashamba ya mwani wanayolima mama zetu, wafike karibu na mwamba ambako mawimbi huvunjika. Mimi ni mzaliwa wa kijiji hicho, na kazi yangu ni kufundisha jiografia. Mbele yetu maji yalikuwa yamejaa, yametulia, yamevifunika vijiti vyote vya mwani. Hapakuwa na mahali pa kutia mguu.

Mama alikuja akiwa amejifunga kanga zake za nyumbani, si zile za kwendea pwani. Wanafunzi wakamwamkia, akawaitikia mmoja mmoja, kisha akanivuta pembeni. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "kabla hujawatoa watoto wa watu huko walikotoka, uliuliza mwezi ngapi?"

Sikuuliza. Niliangalia kalenda ya shule, nikaangalia ratiba ya boti, nikapiga hesabu ya nauli na chakula. Nyuma yetu, juu ya minazi upande wa magharibi, nusu mwezi ulikuwa bado unaonekana mchana huo, mweupe kama kipande cha wingu. Jibu la swali la Mama lilikuwa limetundikwa angani tangu usiku wa manane, na mimi mwalimu nilikuwa nimelipa kisogo.

Nilipata uchungu ambao haukwisha upesi. Niliporudi Dar es Salaam nilinunua daftari, na tangu hapo kila siku nimeandika mambo matatu juu ya mwezi: umbo lake, mahali ulipo angani, na umbali wake kutoka duniani. Mawili ya kwanza nayaona kwa macho yangu, la tatu nalisoma kwenye programu ya simu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Tarehe ya ukutani haiijui bahari

Tulipokuwa wadogo, wazee hawakusema "tarehe tatu". Walisema "mwezi tatu", "mwezi kumi na nne", wakimaanisha siku ya tatu au ya kumi na nne tangu mwezi uandame. Nilidhani ni mazoea ya lugha tu. Sasa naona kwamba lilikuwa jedwali zima la bahari ndani ya maneno mawili.

Tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza pwani hii ya mashariki mwaka 1989, wanawake wa Jambiani, Paje na vijiji jirani wamepanga maisha yao kwa bamvua. Bamvua ni zile siku ambazo maji hupwa sana na kujaa sana. Mama huzihesabu mara mbili kwa mwezi: kuanzia mwezi mosi hadi mwezi nne, na tena kuanzia mwezi kumi na nne hadi kumi na nane, ukiongeza siku moja au mbili za kuanzia na za kumalizia. Hizo ndizo siku za kufunga mbegu, kuvuna na kukaza kamba. Zilizobaki ni za maji mafu, ambapo bahari hucheza katikati tu, haijai sana wala haikauki. Huku Unguja tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hupita mita tatu, na mabamvua makubwa hukaribia mita nne. Wakati wa maji mafu hushuka hadi kama mita moja.

Sababu yake niliifundisha darasani kwa miaka bila kuihisi. Mwezi huyavuta maji ya dunia, na jua pia huyavuta. Jua ni kubwa mno, lakini liko umbali wa kilomita milioni 150, kwa hiyo nguvu yake ya kuinua bahari haifiki hata nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiwa mchanga, vyote viwili viko upande mmoja. Ukiwa mpevu, viko pande mbili zinazotazamana. Kwa hali zote mbili vimesimama kwenye mstari mmoja na dunia, na kwa kuwa bahari huinuka upande unaovutwa na upande wa pili wa dunia vilevile, nguvu zao zinajumlishwa. Hilo ni bamvua, na kilele chake huja siku moja au mbili baada ya mstari huo kunyooka. Ukiwa nusu, mwezi unavuta huku na jua linavuta ubavuni, na kila kimoja kinapunguza kazi ya mwenzake.

Tarehe 16 Agosti mwezi ulikuwa nusu ya mwisho kamili. Kama ningetafuta kwa makusudi siku mbaya ya kuwapeleka watoto baharini, nisingepata iliyoizidi ile.

2. Mwezi huchelewa, na bahari huchelewa nao

Kosa langu lilikuwa la siku na la saa pia. Jambo hili nililielewa baada ya wiki tatu za kuandika.

Kila siku mwezi hutoka kwa kuchelewa, kwa wastani dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi mchanga hutoka pamoja na jua. Nusu ya kwanza hutoka adhuhuri. Mwezi mpevu hutoka wakati wa magharibi, jua linapozama. Nusu ya mwisho hutoka usiku wa manane na bado huonekana asubuhi. Ukijua saa ambayo mwezi umetoka, umeshajua umbo lake hata kabla hujainua macho, na ukijua umbo umeshajua saa. Bahari nayo hufuata: maji yaliyopwa leo saa nne asubuhi kesho yatapwa karibu na saa tano.

Jambo lililonifanya nikae kimya na daftari mapajani ni hili. Kwa kuwa bamvua huja tu mwezi ukiwa mchanga au mpevu, na kwa kuwa mwezi mchanga na mwezi mpevu hupita juu ya vichwa vyetu au chini ya nyayo zetu kwenye adhuhuri na usiku wa manane, basi bamvua la kila mahali lina saa zake zilezile mwaka baada ya mwaka. Unguja, siku za bamvua, maji hupwa sana asubuhi, kwenye saa nne hadi saa tano, na tena usiku saa kama hizo. Ndiyo maana picha yote ya utoto wangu ya Mama akielekea pwani na kapu ina mwanga wa asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndiyo saa ya maji kujaa. Nilichukua saa ya bamvua kutoka kwenye kumbukumbu zangu za utoto, nikaibandika kwenye siku ya maji mafu.

3. Kuna watu wanaouhesabu mwezi kwa giza

Mwenzangu wa kazini ni mzaliwa wa Ukerewe. Nilipomweleza habari ya daftari alicheka kwa furaha, akaniambia kwao hawahesabu mwezi, wanahesabu giza. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa kuonekana, lakini lina dagaa, na dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Taa huwavuta dagaa pale tu ambapo maji yote yanayowazunguka ni meusi. Ikija mbalamwezi, mwanga umeenea ziwa zima, taa haina tena cha kuwaitia, na mitumbwi huvutwa nchi kavu kwa siku kadhaa.

Baba yake alikuwa akimwambia mwalimu mkuu kwamba ada italipwa "giza likiingia", na mwalimu mkuu alielewa ni wiki ipi. Nimelifikiria sana jambo hili. Mwezi uleule mpevu unaompeleka mama yangu kazini unamlaza nyumbani mvuvi wa Ukerewe.

4. Mwezi wetu hulala kama dau

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, mbona mwezi mchanga wa kitabuni umesimama na wetu umelala?" Nilimjibu kwamba michoro ni michoro tu. Jibu hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu mtoto alikuwa ametazama na mimi sikutazama.

Michoro mingi ya vitabu vyetu imefuata macho ya watu wa Ulaya. Kule jua huzama kwa kuteremka mshazari, na mwezi mwembamba ulio juu yake huonekana umesimama wima, mgongo ukielekea kulia. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua letu huteremka karibu moja kwa moja, kama jiwe lililofungwa uzi, na upande wa mwezi unaong'aa hulitazama jua palepale chini lilipozamia. Matokeo yake ni dau: tumbo chini, pembe mbili juu. Kadiri miezi ya mwaka inavyokwenda, dau hilo huinama kidogo kulia au kushoto, lakini halisimami wima kama la London.

Kwa hiyo niliacha kuwafundisha watoto kanuni ya kulia na kushoto. Mtu wa ikweta akiitegemea itampotosha, kwani nusu ya kwanza inapotoka adhuhuri upande unaong'aa uko juu, na mwezi huohuo unapozama usiku upande unaong'aa uko chini. Sasa nawaambia: tafuteni jua liko wapi, hata kama limeshazama. Upande unaong'aa umelielekea. Dau la jioni upande wa magharibi ni la mwezi unaokua, na dau la alfajiri upande wa mashariki ni la mwezi unaokwisha. Hakuna cha kukariri zaidi ya hapo.

5. Mwezi hukutana na Kilimia kila mara ukiwa na sura nyingine

Umbo la mwezi ni habari moja, na mahali ulipofika kwenye njia yake ya kuizunguka dunia ni habari nyingine. Kwa miaka mingi nilizifundisha kana kwamba ni moja. Kilimia ndicho kilichonitenganishia.

Alfajiri ya siku ile ya Agosti, kabla wanafunzi hawajaamka, nilitoka uani kunawa uso nikaona nusu mwezi umekaa karibu na Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo ambacho wakulima wengi wa Afrika Mashariki wamekitumia tangu zamani kujua majira ya kulima. Nilikiona tu, nikaingia ndani. Baadaye jambo hilo liliandikwa kuwa mstari wa kwanza wa daftari langu.

Alfajiri ya tarehe 13 Septemba mwezi ulikuwa tena jirani na Kilimia. Nilitarajia kuuona nusu, kama mwezi uliopita. Haukuwa nusu. Ulikuwa mnene, umepungukiwa upande mmoja tu. Nikahesabu siku kwenye daftari: zilikuwa ishirini na nane tu. Alfajiri ya tarehe 10 Oktoba ukarudi, mnene zaidi. Usiku wa tarehe 6 Novemba ulikuwa umetoka tu kuwa mpevu. Alfajiri ya tarehe 4 Desemba ulizama pamoja na Kilimia ukiwa unakaribia kuwa mpevu, mwanga wake mkali hata nyota zile zikawa taabu kuziona. Mara tano mwezi ulipita kituo kilekile. Mara ya kwanza ulikuwa na umri wa siku ishirini na mbili na ushei tangu mwezi mpya, mara ya mwisho ulikuwa na takribani kumi na nne, ukipungua kama siku mbili kila safari.

Hizo siku mbili ndizo zilizonifungua. Mwezi huizunguka dunia, ukipimwa kwa nyota, kwa siku 27.3. Lakini kutoka mwezi mpya mmoja hadi mwingine ni siku 29.5. Wakati mwezi unazunguka, dunia nayo imesogea kwenye safari yake ya kulizunguka jua, na jua linaonekana limehama kuelekea mashariki kati ya nyota. Mwezi ukishakamilisha mzunguko wake na kurudi Kilimia, haujalifikia jua bado. Lazima utembee siku mbili na ushei zaidi ndipo ulikute. Umbo la mwezi ni hesabu kati yake na jua, na kituo chake kati ya nyota ni hesabu nyingine kabisa.

Tangu hapo nimeanza kuuona mwezi ukitembea. Zamani niliuona ukibebwa tu na anga kutoka mashariki kwenda magharibi, kama kila kitu cha angani. Ukikazia macho nyota iliyo jirani yake, utaona kwamba mwezi wenyewe unarudi nyuma kuelekea mashariki, kwa saa moja kiasi cha upana wake wenyewe, na kwa siku nzima kama nyuzi kumi na tatu. Nyoosha mkono, kunja ngumi: ngumi hiyo ni kama nyuzi kumi. Ngumi moja na vidole viwili, basi, ndiyo safari ya mwezi ya siku moja. Nimewafundisha wanafunzi wangu kipimo hicho, na wazazi wawili wameniambia watoto wao sasa hunyoosha mikono uani usiku.

6. Jicho haliuoni umbali, bahari inauona

Nilipompigia Mama simu mwishoni mwa Oktoba kumweleza kwamba nimejifunza habari za bamvua, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, mwanangu, lakini mabamvua hayalingani." Nikatafuta kwa nini.

Njia ya mwezi si duara kamili. Imebonyea kidogo, na dunia haiko katikati yake hasa. Wastani wa umbali ni kilomita 384,400, lakini kila mzunguko mwezi husogea karibu na kwenda mbali. Novemba 2025 ilikuwa darasa la ajabu. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 5, na siku hiyohiyo ulifika karibu kabisa, kilomita takribani 357,000. Wiki mbili baadaye, tarehe 20, ulikuwa mchanga, na siku hiyohiyo ulikuwa mbali kabisa, zaidi ya kilomita 406,000. Mabamvua mawili ya mwezi mmoja, moja la mwezi wa karibu na jingine la mwezi wa mbali.

Nilimwomba mpwa wangu achomeke kijiti pale maji yanapoishia yakishapwa kabisa, upande wa mwambani, tarehe 7 Novemba. Tarehe 22 alirudi saa ya maji kupwa akakitafuta. Alinipigia akiwa bado ndani ya bahari: kijiti kilikuwa kimesimama kwenye maji yaliyomfika magotini, na hayakushuka zaidi ya hapo.

Ukiutazama kwa macho, mwezi wa karibu unazidi ule wa mbali kwa sehemu ndogo, kama moja ya saba ya upana, na watu wengi hawatambui. Lakini nguvu ya kuinua bahari haipungui kwa kadiri ya umbali tu; hupungua kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Piga hesabu ya tarehe zile mbili utaona kwamba mwezi wa tarehe 5 uliivuta bahari karibu mara moja na nusu ya ule wa tarehe 20. Ongeza pia kwamba Machi na Septemba, jua likiwa juu ya ikweta, mabamvua huwa makubwa kuliko ya miezi mingine. Mama hana habari ya kilomita. Ana habari ya kamba zipi za mwani hufikiwa mara chache kwa mwaka, na huzipanda mwisho.

7. Kivuli cha dunia ni chembamba kuliko nilivyodhani

Tarehe 7 Septemba 2025, daftari likiwa na wiki tatu tu, mwezi ulipatwa wote. Nilikuwa Kigamboni na majirani. Kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi saa tatu na dakika hamsini na mbili ulikuwa na rangi ya shaba iliyochakaa, nyota zilizokuwa zimefichwa na mwanga wake zikajitokeza, na kutoka msikitini tulisikia sala ya kupatwa ikisaliwa. Binti wa jirani akaniuliza kwa nini jambo hili halitokei kila mwezi unapokuwa mpevu.

Nilijua jibu la kitabuni, kwamba njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi kama tano ukilinganisha na njia ya dunia kulizunguka jua. Usiku ule nililiona kwa vipimo. Kule mwezi uliko, kivuli kizito cha dunia kina upana wa kama kilomita 9,000 tu. Mwezi wenyewe ni kilomita 3,474. Mwinamo wa nyuzi tano unaweza kuupitisha juu au chini ya kivuli hicho kwa zaidi ya kilomita 30,000. Kwa hiyo mara nyingi mwezi mpevu hukikosa kabisa. Hukipata tu pale ambapo umekuwa mpevu huku ukiwa unavuka ile sehemu ambapo njia mbili zinakatana. Msimu wa kukatana ukifika, mara nyingi hupatwa vyote viwili kwa kufuatana: baada ya Septemba 7 jua lilipatwa sehemu tarehe 21, ingawa kivuli kilipita mbali huko kusini ya dunia, New Zealand.

Nikamsimulia binti huyo, ambaye wakati ule alikuwa mchanga sana, habari za tarehe 1 Septemba 2016, watu walipomiminika Rujewa mkoani Mbeya kuliona jua limekuwa pete. Mwezi ulikuwa umekaa sawasawa mbele ya jua, lakini ulikuwa mbali kiasi cha kushindwa kulifunika lote. Umbo, mahali na umbali, yote matatu kwa pamoja, ndiyo yaliyoifanya ile pete.

8. Mwezi wa hesabu si mwezi wa macho

Programu yangu ya simu iliandika: mwezi mpya, 17 Februari 2026, saa tisa na dakika moja alasiri. Mwanafunzi mmoja Mwislamu, mwenye hamu ya Ramadhani, akaniambia basi jioni tutauona. Nilimwelekeza akapige hesabu. Saa ile ya programu ni saa ambayo mwezi umepita jirani ya jua, na uso wake wote ulioelekea kwetu ni giza. Jua lilizama baada ya saa tatu na ushei. Kwa ngumi na vidole vyetu, mwezi ulikuwa umejitenga na jua kwa kiasi kisichofika hata kidole kimoja na nusu. Jicho haliwezi kuuona hapo, hata anga ikiwa safi kama kioo. Jioni ya tarehe 18 ulikuwa na zaidi ya saa ishirini na saba, na tuliuona, uzi mwembamba uliolala.

Lugha yetu ilikuwa imeshalitenganisha jambo hili. Mwezi ukiwa mpya kwa hesabu, bado haujaandama. Kuandama ni kuonekana.

Niseme na hili, ingawa linatoka kidogo nje ya njia. Miezi kumi na miwili ya kuandama ni siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa kama siku kumi na moja. Anayesafiri kwa pepo za kusi na kaskazi hawezi kuitegemea, maana itamhama. Wazee wa pwani walilijua hilo, ndiyo maana waliweka kando yake mwaka mwingine wa siku 365, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambao jirani zetu wa Makunduchi huukaribisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Mwezi waliupa bahari na ibada. Jua walilipa pepo na kilimo.

9. Mwezi upo hata usipoonekana

Jumamosi ya tarehe 18 Aprili 2026 niliwarudisha wanafunzi walewale Jambiani. Siku ile waliichagua wao, mimi nilihakiki tu. Walipiga hesabu kwamba mwezi ungekuwa mpya tarehe 17 alasiri, na kwamba ungefika karibu na dunia siku mbili baadaye. Wakapanga saa: saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa na wasiwasi na masika, na kweli mvua ilikuwa inanyunya tulipofika ufukweni.

Bahari ilikuwa imeondoka. Kutoka miguuni mwetu hadi mwambani ilikuwa mchanga uliokunjamana, madimbwi, na safu za vijiti vya mwani vimesimama vikavu. Wanawake walikuwa wameshaingia kazini. Mama alikuwa mbele, kanga zimepandishwa hadi magotini, kapu kiunoni. Watoto wakavua viatu wakamwendea mbio, wakamwamkia, naye akawaitikia mmoja mmoja kama mara ile.

"Haya," akawauliza, "leo mwezi ngapi?"

Wakatazamana. Msichana mdogo kuliko wote akajibu, "Haujaandama, Bibi. Utaandama leo magharibi."

"Na sasa hivi uko wapi?"

Mvua ilikuwa imetulia kidogo na jua lilikuwa doa jeupe nyuma ya wingu, upande wa mwambani. Msichana alinyoosha mkono, akakunja ngumi, akaiweka chini kidogo ya doa lile, akaonyesha mahali patupu juu ya bahari.

"Pale," akasema.

Mama akapatazama pale kwa muda, kisha akamkabidhi kapu.